"Sili sana, mbona sipungui?" Kosa liko kwenye kipimo

Kuna maneno ambayo daktari yeyote anayehudumia wagonjwa wa kisukari, shinikizo la damu au uzito uliozidi huyasikia karibu kila siku ya kliniki: "Daktari, mimi sili sana, lakini sipungui." Wagonjwa wanaotoka Kibiti, Bungu, Nyamisati na vijiji vya delta ya Rufiji huyasema na kuyafafanua kabisa: "Asubuhi chai tu. Mchana wali kidogo na samaki. Usiku vipande viwili vya muhogo. Basi."

Niseme mapema kwamba wengi wao hawadanganyi. Wanaamini wanachokisema. Neno linalotuponza ni hilo "kidogo". Mwombe mgonjwa akuoneshe kwa mikono kidogo yake ni kiasi gani: mmoja atakunja ngumi, mwingine atachora kilima hewani. Wote wawili wamesema neno moja, na daktari ameandika neno moja kwenye faili.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Mgonjwa akisema anakula kidogo na sukari yake inasoma 16, daktari ataona dawa haitoshi na ataongeza dozi. Mgonjwa ataenda nyumbani na dawa kali zaidi, na chakula kilekile. Ikitokea siku ambayo kweli amekula kidogo, kwa ugonjwa, safari au mfungo, ile dozi kubwa itaishusha sukari hadi aanguke. Kosa la kukadiria chakula linaweza kumfikisha mtu wodini.

Leo tuangalie namna tunavyokosea kukadiria chakula, na namna ya kupima bila kuingia gharama kubwa.

Jicho si mizani

Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa New York kwa watu wenye uzito mkubwa waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na bado hawapungui. Wengi wao waliamini miili yao ina kasoro inayozuia chakula kuunguzwa. Watafiti walitumia njia ya kimaabara inayoonesha mwili umetumia nguvu kiasi gani kwa siku, kisha wakalinganisha na kile watu hao walichoandika kwamba wamekula.

Miili yao ilikutwa inaunguza chakula kama kawaida. Kilichopungua ni hesabu: kwa wastani walikuwa wameandika karibu nusu tu ya chakula walichokula kweli, pungufu kwa asilimia 47. Na mazoezi waliyosema wamefanya yalizidi ukweli kwa asilimia 51.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, uliwapa watu chakula kilekile kwa sehemu za ukubwa tofauti. Waliopewa sehemu kubwa zaidi walikula asilimia 30 zaidi ya walipopewa ndogo. Maana yake ni kwamba tumbo halipigi kengele mapema kama tunavyodhani. Tunakula kilichowekwa mbele yetu.

Haya si ya Wamarekani peke yao. Utafiti wa kitaifa uliofanyika hapa Tanzania mwaka 2012 kwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulionesha asilimia 26 wana uzito uliozidi, na karibu asilimia 9 wana kisukari. Kwa hiyo katika kila watu wazima wanne waliokaa mkekani, yuko mmoja ambaye habari hii inamhusu.

Sahani ya lumbesa

Wakulima wa Tanzania wanaijua lumbesa: gunia lililojazwa mpaka juu, kisha likaongezewa kilemba na kushonewa kamba. Linahesabiwa gunia moja, lakini ndani yake mna gunia na zaidi. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilipiga vita kwa sababu linamwibia mkulima.

Sahani zetu nyingi nazo ni za lumbesa. Unasema "nimekula sahani moja tu", na ni kweli sahani ni moja. Lakini wali umepanda juu ya ukingo kama kichuguu. Sahani hiyohiyo ikisawazishwa kwa mwiko ingebeba nusu yake.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na vipimo. Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na methali ya haba na haba hujaza kibaba imetoka hapo. Katika karne ya 19, kibaba kimoja cha nafaka, karibu gramu 700, ndicho kilichokuwa posho ya siku ya mpagazi wa msafara aliyebeba mzigo wa kilo 30 hivi kutoka pwani kwenda bara. Ukifanya hesabu, hiyo ni kama kalori 2,400, kwa mtu anayetembea na mzigo kichwani tangu alfajiri.

Sasa jiulize: wewe unayekaa dukani Kibiti mjini, unayeendesha bodaboda kwenda Bungu, au unayefanya kazi ofisini, unakula vibaba vingapi? Ulaji wa Rufiji ulijengwa na kazi ya Rufiji. Mtu aliyelala kwenye dungu akilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, akaamka kupalilia kwenye tope na kupiga kasia akirudi nyumbani, anahitaji sahani kubwa. Sahani ile imehamia mjini pamoja nasi. Kasia limebaki kijijini.

Wali: mbichi au ulioiva?

Kwa wanaopima chakula kwa mizani, au wanaoandika mlo wao kwenye programu za simu, hili ndilo kosa ninaloliona zaidi.

Gramu 100 za mchele mkavu zina takriban kalori 360. Gramu 100 za wali ulioiva kwa maji zina takriban kalori 130. Mchele ni uleule. Tofauti ni maji. Mchele ukipikwa huongezeka uzito mara mbili na nusu hadi tatu.

Kijana akipima gramu 100 za mchele mkavu, kisha kwenye simu akachagua "wali ulioiva", ataandika kalori 130 wakati amekula 360. Akifanya hivyo mchana na usiku, kalori 460 zimepita bila kuandikwa. Baada ya mwezi atakuja analalamika kwamba mizani ni mbovu. Mwingine hukosea kinyume chake: anapima wali ulioiva gramu 300 na kuuandika kama mchele mkavu. Simu inamwambia amekula zaidi ya kalori 1,000, anaogopa, anaruka chakula cha usiku, na usiku wa manane anaamka na njaa na kumaliza kiporo.

Kanuni ni rahisi: chagua moja. Kama unapima kikiwa kibichi, andika kibichi siku zote. Kama unapima kikishaiva, andika kilichoiva siku zote. Ndivyo ilivyo pia kwa ugali, maharage na tambi, kwa sababu vyote hunywa maji.

Vinavyoingia bila kuhesabiwa

Kuna vyakula ambavyo mgonjwa hukumbuka kuvitaja: wali, ugali, muhogo, samaki. Kuna vingine havitajwi kwa sababu havionekani kama chakula.

Cha kwanza ni tui. Nyama ya nazi moja ya wastani inaweza kuwa na kalori 1,000 au zaidi. Mafuta mengine hubaki kwenye chicha, lakini sehemu kubwa huingia sufuriani. Tuchukue kilo moja ya mchele, kalori 3,600, iliyopikwa kwa tui zito la nazi mbili, tukadirie linaongeza kalori 1,200. Sufuria limekaribia kalori 5,000. Wakila watu watano sawasawa, kila mmoja amepata karibu 1,000 kabla ya samaki, kabla ya mchuzi wake, ambao nao una nazi. Mwanamke asiyefanya kazi nzito anahitaji kama 1,800 hadi 2,000 kwa siku nzima.

Sisemi uache nazi. Mtu wa pwani ukimwambia aache nazi hatarudi kliniki. Nasema ihesabu. Kama wali ni wa nazi, mchuzi uwe wa nyanya au samaki awe wa kuchoma. Kama mchuzi ni wa nazi, wali uwe mweupe. Nazi moja ipikie kile ulichokuwa ukipikia kwa mbili.

Cha pili ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takriban kalori 120, na aina zote za mafuta ya kula karibu zinalingana, yawe ya alizeti au ya mawese. Anayemimina kutoka kwenye dumu moja kwa moja hajui ameweka vijiko vingapi.

Cha tatu ni sukari ya chai. "Chai tu" ya asubuhi inaweza kuwa na vijiko vitatu vya lumbesa. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba kama gramu 4 za sukari. Kilichojazwa kilima kinaweza kubeba gramu 7. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni zaidi ya gramu 60. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ni bora zaidi ikiwa chini ya 25, yaani vijiko sita vilivyosawazishwa. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huweza kuvimaliza vyote hivyo na kupitiliza.

Cha nne ni korosho. Sisi watu wa Pwani na Kusini tunazila tukipiga soga. Ni chakula kizuri, kina mafuta mema na protini. Lakini konzi moja ya gramu 30 ina kalori 160 hivi, na kikombe kizima kinaweza kupita 700.

Cha tano ni cha akina mama: kuonja jikoni, ukoko uliobaki chini ya sufuria, kiporo cha asubuhi, na wali alioubakiza mtoto. Mama aliyekaa na sufuria saa mbili anaweza kuwa amekula nusu ya mlo kabla hajapakua.

Punguza wali, usipunguze kitoweo

Jambo jingine linalonisikitisha ni hili: watu wengi wakiambiwa wapunguze chakula, hupunguza kitoweo na mboga, wanaacha wali palepale. Kitoweo kina bei, wali unashibisha. Matokeo yake mtu anapoteza nyama ya misuli, anasikia njaa haraka, na sukari inazidi kupanda.

Delta imejaliwa samaki, kamba na kaa. Samaki wa kuchoma au wa kuchemsha mwenye ukubwa wa kiganja hushibisha kwa muda mrefu na haipandishi sukari kama wali. Matembele, mchicha na bamia ni hivyohivyo. Kisamvu pia ni kizuri, ila kikipikwa kwa nazi na karanga pamoja ujue umekula mboga na mafuta. Na ng'onda, yule samaki aliyekaushwa kwa chumvi, mloweke na kumwaga maji kabla ya kumpika, hasa kama una shinikizo la damu.

Pima kikombe chako mara moja

Watu wengi huniambia, "Daktari, mizani ya jikoni nitaitoa wapi Salale au Maparoni?" Huihitaji. Unachohitaji ni kujua chombo chako kinabeba nini, na hilo unaweza kulifanya mara moja ukalitumia miaka yote.

Chukua kikombe chako cha nyumbani, kilekile unachopimia mchele. Nenda nacho dukani. Mwombe mwenye duka akipime kikiwa kitupu, kisha ukijaze mchele, usawazishe juu kwa kidole au mgongo wa kisu, akipime tena. Toa uzito wa kwanza kwenye wa pili. Kikombe cha mililita 250 hubeba karibu gramu 200 za mchele mkavu, lakini chako kinaweza kuwa kikubwa au kidogo, ndiyo maana nasema kipime. Andika kwa kalamu isiyofutika chini ya kikombe. Kuanzia siku hiyo una kibaba chako.

Wagonjwa wangu wengi wa kisukari wanaotaka kupunguza uzito huanza na gramu 60 hadi 80 za mchele mkavu kwa mlo mmoja. Kwa kikombe tulichokisema, hiyo ni kama theluthi moja, au kuzidi kidogo. Ukipikia watu watano, hesabu kila mtu na mahitaji yake: baba anayelima, binti wa shule, bibi mwenye kisukari. Jumlisha, pika hicho. Chakula ambacho hakikupikwa hakiliwi.

Mafuta yapime kwa siku. Unapofungua chupa ya lita moja, andika tarehe kwenye lebo. Ikiisha, hesabu. Lita moja kwa watu watano kwa wiki moja ni kama vijiko viwili vya chakula kwa kila mtu kila siku, karibu kalori 240. Ikiisha kwa siku nne, umepata jibu ambalo hakuna aliyekuambia.

Kama unayo mizani ya jikoni, iweke juu ya meza au sakafu iliyo sawa, weka sahani tupu kwanza, irudishe kwenye sifuri, ndipo upakue. Badilisha betri namba zikianza kuyumba. Pima kwa wiki mbili au tatu mpaka jicho lako lifundishike, kisha iweke kabatini. Irudie wiki moja kila baada ya miezi michache, kwa sababu jicho husahau na sahani hurudi kukua taratibu.

Mkono wako unakwenda nao popote

Zimbabwe walitengeneza njia inayowafaa wagonjwa wa kisukari wasio na mizani, na leo inafundishwa katika nchi nyingi. Kipimo ni mkono wako mwenyewe:

Wanga (wali, ugali, muhogo, ndizi, magimbi): usizidi ukubwa wa ngumi zako mbili. Anayetaka kupunguza uzito aanze na moja na nusu.

Samaki, nyama au kuku: ukubwa wa kiganja, bila vidole, na unene wa kidole kidogo.

Mboga za majani na nyinginezo zisizo na wanga: kadiri mikono yako miwili itakavyoweza kukusanya.

Tunda: ngumi moja. Embe kubwa la msimu ni ngumi mbili au tatu, kwa hiyo kata, mgawie mwenzako.

Mafuta: ncha ya kidole gumba.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mtu mkubwa ana mkono mkubwa na mtoto ana mkono mdogo, na mkono hausahauliki nyumbani ukienda harusini.

Na sinia je?

Kula pamoja kwenye sinia ni heshima yetu. Sitamwambia mtu yeyote ajitenge na ndugu zake kwa sababu ya daktari. Lakini sinia halina mpaka, na anayekula haraka hula cha wenzake.

Fanya hivi. Kabla ya kuanza, chora mpaka wako kwa kijiko au kwa kidole: huu ndio upande wangu, ngumi moja na nusu. Sogeza mboga upande wako. Ukimaliza upande wako, nawa mikono na ubaki ukizungumza. Kama ni nyumbani, mwambie mpishi akupakulie kwenye sahani yako, ukae palepale mkekani. Kwenye shughuli, mwenyeji akikusukumia pilau akisema "ongeza bwana, hujala", mjibu kwa upole kwamba umeshiba na chakula ni kitamu. Hakuna aliyewahi kuvunja undugu kwa jibu hilo.

Nawe unayemkaribisha mgonjwa, msaidie. Usimwambie "leo tu haina shida". Kwa mwenye kisukari, "leo tu" ziko nyingi kwa mwezi.

Wazazi: sinia hilohilo linaweza kumnyima mtoto

Kosa la kukadiria halina upande mmoja. Katika nyumba ambayo mama ana uzito uliozidi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kuwa amedumaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Mzazi wake naye husema, "Anakula vizuri tu, anakula na wenzake."

Mtoto mdogo hawezi kushindana kwenye sinia na kaka zake. Mpe bakuli lake, ili ujue amekula nini na amebakiza nini. Kwa vipimo vya bakuli la mililita 250: miezi 6 hadi 8, anza na vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa mlo na upande taratibu hadi nusu bakuli, mara mbili hadi tatu kwa siku, miezi 9 hadi 11, nusu bakuli, mara tatu hadi nne, mwaka mmoja hadi miwili, robo tatu hadi bakuli zima, mara tatu hadi nne. Kuanzia miezi tisa ongeza kitafunwa kimoja au viwili katikati. Haya yote ni juu ya maziwa ya mama.

Uji nao unadanganya macho. Kikombe kimejaa, lakini kama unatiririka kama maji, mtoto amekunywa maji. Tumbo lake ni dogo. Uji uwe mzito wa kushika kijiko, uongezewe karanga iliyosagwa, samaki aliyepondwa au tui kidogo. Tui ninalokuambia wewe upunguze, mtoto wako mwembamba linamfaa.

Peleka mtoto kliniki apimwe uzito, urefu na mzunguko wa mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano, mkono ulio chini ya sentimita 12.5 unahitaji msaada wa lishe, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Asirudishwe nyumbani bila matibabu.

Na kama mtoto wako ni mnene, usimwekee mizani ya chakula wala kumpa mlo wa kupunguza uzito kwa maamuzi yako. Bado anakua. Ondoa soda na juisi za sukari, ongeza mboga na michezo, familia nzima ibadilike pamoja, kisha muone daktari.

Usipunguze ghafla kama unatumia dawa hizi

Kama unatumia insulini au dawa za kundi la glibenklamaidi, usianze kupunguza chakula leo bila kuongea na daktari au muuguzi wako. Dozi yako ilipangwa kwa chakula ulichokuwa ukila. Ukikata wali nusu na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Dalili ni jasho jingi, kutetemeka, njaa kali ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Kunywa haraka maji yenye vijiko vinne vya sukari, au nusu kikombe cha soda yenye sukari. Pima sukari baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ukishapata nafuu, kula chakula. Mtu aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote, mkimbizeni hospitali.

Kwa wanaosafiri majini hili ni muhimu zaidi. Umechoma insulini Nyamisati, ukategemea kula nyumbani mchana. Maji yakakupwa, boti ikakwama kwenye tope katikati ya mikoko hadi maji yajae tena. Chakula kimepita saa nne. Usipande boti bila sukari na kitu cha kula mfukoni. Kwa mfungo wa Ramadhani, mwone daktari wiki kadhaa kabla ili dozi na muda wa dawa vipangwe upya. Futari ya mihogo, magimbi na tambi kwa mpigo mmoja nayo ipimwe kwa ngumi zilezile.

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo na mzee anayekonda bila sababu wasipunguze chakula kwa kusoma gazeti. Wala familia ambazo bado zinahangaika kusimama tangu mafuriko ya mwaka 2024 yaharibu mashamba ya Rufiji na Kibiti. Kwao swali ni namna ya kuongeza, na ofisa lishe wa halmashauri ndiye wa kumuona.

Na ukiona wewe au binti yako hawezi kula bila kupima, anaogopa chakula cha ugenini, anajitapisha au analia kwa ajili ya gramu kumi, weka mizani mbali na utafute msaada. Huo ni ugonjwa, nao unatibika.

Anzia wapi?

Wiki hii fanya mambo matatu tu. Pima kikombe chako dukani. Andika tarehe kwenye chupa ya mafuta. Na kwa siku tatu, mojawapo ikiwa ya mapumziko, andika kila kinachoingia mdomoni, pamoja na ukoko na korosho, saa hiyohiyo, si usiku kwa kukumbuka. Karatasi hiyo usiifiche. Njoo nayo kliniki.

Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha kabisa, na hata wiki nyingine usipopungua usikate tamaa, maana maji ya mwili hupanda na kushuka. Daktari wako hatakucheka kwa kilichoandikwa. Karatasi yenye ukweli inaweza kumwezesha kupunguza dawa badala ya kuziongeza, na hilo ndilo tunalolitafuta sote.

Wiki ijayo tutazungumzia chumvi na shinikizo la damu. Makala haya ni elimu kwa umma. Hayachukui nafasi ya daktari anayekufahamu.